Kiangazi cha Liverpool na Sitara ya Watu

Kila watu wana namna yao ya kuupima mwaka. Sisi wa mwambao tunaupima kwa pepo: kaskazi, masika, kusi, vuli. Waingereza wanaupima kwa jua, na madhali jua lao ni la kubahatisha, kiangazi kwao si majira tu, bali ni haki ambayo kila mtu huidai kwa nguvu siku inapojitokeza. Mwezi wa Julai, wakati wazee wa Tanga wanajifunika shuka alfajiri kwa sababu ya baridi ya kusi, huku Liverpool watu wazima huvua mashati barabarani, na ofisi huanza kupungukiwa na watu tangu saa nane mchana. Atakayeuliza wamekwenda wapi, ajue bado ni mgeni. Wamekwenda baharini.

Katika sura hii nakusudia kuzipima kazi mbili za sanaa zinazohusu fukwe za mji huu ninaoishi. Ya kwanza ni kitabu cha picha cha Martin Parr kiitwacho The Last Resort, kilichotoka mwaka 1986. Ya pili ni sanamu za Antony Gormley ziitwazo kwa pamoja Another Place, ambazo zimesimama katika ufuo wa Crosby tangu mwaka 2005. Nimezichagua kwa sababu zote mbili zinajaribu kujibu swali ambalo mtu anayeishi ugenini hawezi kulikwepa: mwanadamu hufanya nini anapofika ukingoni mwa bahari, na raha anayoipata pale ni ya nani? Majibu yao yanapingana. Mimi sikuridhika kabisa na lolote kati ya hayo mawili, lakini moja limenikaribia zaidi kuliko jingine, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tupatazame mahali penyewe. Liverpool iko mlangoni mwa mto Mersey. Ukivuka mto unafika New Brighton, na ukifuata pwani kwa upande wa kaskazini unafika Crosby. Kote kuwili treni za mjini hufika kwa muda mfupi, na nauli yake haimshindi mfanyakazi wa kawaida. New Brighton ilianzishwa mwaka 1830 na mfanyabiashara wa Liverpool, James Atherton, aliyenunua ardhi pale akitaka kujenga mahali pa matajiri kupunga upepo, akaazima jina la Brighton ya kusini iliyokuwa imekwisha pata sifa. Mnamo 1900 palikuwa na mnara wa chuma wa mita 173, mrefu kuliko ule wa Blackpool; ulivunjwa kati ya 1919 na 1921. Mwaka 1934 palifunguliwa bwawa kubwa la kuogelea lisilo na paa. Feri zilizokuwa zikivusha maelfu ya watu kutoka Liverpool zilikoma mwaka 1971, na bwawa lenyewe liliharibiwa na dhoruba ya Februari 1990, likabomolewa. Kwa hiyo Parr alipopiga picha zake, kati ya 1983 na 1985, alipiga mahali palipokuwa pamekwisha anza kuliwa na wakati. Na Liverpool nayo ilikuwa katika dhiki: gati zimepungukiwa na meli, viwanda vimefungwa, vijana wengi hawana kazi.

Jina la kitabu lina maana mbili kwa Kiingereza. Ni mahali pa mwisho pa mapumziko, na pia ni tegemeo la mwisho la mtu aliyeishiwa na njia. Ndani yake utaona mtoto analia karibu na mama aliyelala juani. Utaona mwanamke amejilaza juu ya saruji, kando yake pamesimama katapila kubwa, minyororo yake iko hatua chache tu na kichwa chake. Utaona watu wamesongamana kwenye kaunta ya vyakula, na binti muuza aiskrimu anamtazama mpiga picha kwa macho makavu kama anayeuliza, "Na wewe unataka nini?" Utaona familia inakula chipsi huku takataka zimefurika pipani na kumwagika miguuni mwao. Picha zote ni za rangi, nazo ni rangi kali, kwa kuwa Parr alitumia mwanga wa kamera hata mchana kweupe. Bahari yenyewe mara nyingi iko pembeni, kama mwenye nyumba aliyesahauliwa na wageni wake.

Kitabu hicho kilizusha ugomvi. Picha zilipoonyeshwa katika Serpentine Gallery ya London mwaka 1986, wakosoaji walisema kwamba mtu wa tabaka la kati, mzaliwa wa kusini, amekuja kuwacheka maskini wa kaskazini katika siku yao moja ya furaha. Waliomtetea walijibu kwamba Parr hakuwa mpita njia: alihamia Wallasey, jirani kabisa na New Brighton, mwaka 1982, na alipiga picha ya kile kilichokuwapo. Inasimuliwa pia kwamba picha hizohizo zilipoonyeshwa Liverpool hazikuleta kelele nyingi. Wenyeji walikuwa wanaijua New Brighton yao.

Mimi nilikikuta kitabu hiki katika maktaba ya mjini, miaka michache baada ya kuhamia hapa, na kitu cha kwanza nilichohisi ni aibu kwa niaba ya watu wasionijua. Nikajiuliza aibu hiyo inatoka wapi. Nadhani inatoka katika mafunzo tuliyolelewa nayo kuhusu picha. Kwetu mwambao picha ilikuwa shughuli ya kujipamba. Mtu aliyekwenda Capital Art Studio pale Unguja, studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, alikwenda amepiga pasi kanzu yake, au amevaa kanga mpya, na alikaa kitako kama hakimu. Mpiga picha alikuwa mshirika wake katika kazi ya kumsitiri. Sitara si nguo peke yake. Sitara ni kule kukubaliana, baina ya anayetazama na anayetazamwa, kwamba kuna mambo tutayaona na hatutayasema. Mtu anapokula mdomo wazi, mtoto anapotoka kamasi, mzee anapolala akikoroma, mwenye adabu hugeuza uso. Parr hageuzi uso. Yeye husogea karibu zaidi, halafu huwasha taa.

Kwa kipimo hicho, ingekuwa rahisi kukifunga kitabu na kusema hakina heshima, basi. Lakini haki ya kazi yoyote ni kutazamwa mara ya pili, na nilipotazama mara ya pili niliona jambo ambalo wakosoaji wa London hawakulisema, labda kwa sababu wao wamezoea kustarehe mahali pasafi. Niliona kwamba watu wale kweli wanastarehe. Yule mama aliyelala kando ya katapila amelala usingizi wa haki. Amepata saa mbili za jua katika nchi isiyo na jua, na hana nia ya kuzipoteza kwa kusubiri ufuo usio na mashine. Kila aliyewahi kufika Coco Beach, Dar es Salaam, siku ya Idd au ya Krismasi, analijua jambo hili. Mchanga hauonekani kwa watu, mihogo inakaangwa, chupa zinazagaa, watoto wamepotezana na mama zao, muziki wa huyu unapigana na muziki wa yule. Na ukimwuliza yeyote pale atakwambia siku ilikuwa njema sana. Raha ya watu wengi haijawahi kuwa safi. Usafi wa ufuo ni anasa ya wale wanaoweza kuununua upweke. Hilo Parr alilijua, na kwa hilo namshukuru.

Kasoro yake iko kwingine. Picha zake hazina wakati. Ule mwanga wa kamera unakata kila kitu katika nukta moja ya kikomo cha ubaya: kinywa kimefunguka, aiskrimu inachuruzika, uso umekunjamana. Lakini kiangazi cha huku, kama mtu amekaa nacho, ni jambo la urefu. Mwezi wa Juni Liverpool ina takriban saa 17 za mwanga, na jua huzama karibu na saa nne kasorobo usiku. Sisi tuliozoea kuona jua likizama upesi, karibu saa ileile mwaka mzima, hatukosi kushangazwa na jioni hizo zisizokwisha. Mwaka 2015 Ramadhani iliangukia Juni na Julai. Waislamu wa mji huu tulifunga zaidi ya saa 18 kwa siku. Baadhi yetu tulikuwa tukivuka kwenda New Brighton baada ya alasiri, tunakaa juu ya ukuta wa bahari, tende zimo mfukoni, tunangoja. Walevi walikuwa wakipita, familia zikikunja viti vyao, watoto wakivuta miguu kwa uchovu, shakwe wakigombea mabaki ya chipsi. Upepo ulikuwa ukigeuka, maji yakianza kupwa. Katika saa mbili au tatu zile, watu walewale ambao Parr angewakamata wakiwa wabaya, walikuwa wakigeuka kidogo kidogo kuwa wapole na wazuri. Mzee mmoja asiyetufahamu alituuliza tunangoja nini, tulipomweleza akakaa nasi mpaka jua likazama, akapokea tende yake. Hakuna katika kitabu cha Parr picha ya saa hiyo. Ana mchana tu.

Kwa kulinganisha, yupo mpiga picha mwingine, Tom Wood, mzaliwa wa Ireland, aliyeishi na kupiga picha katika eneo hilohilo kwa takriban miaka 25 tangu 1978. Watoto wa mitaani walimpa jina la utani lenye maana ya "bwana picha," naye baadaye akalitia katika jalada la kitabu chake. Mtu hapewi jina la utani na watu ambao hajawahi kuwapa salamu. Katika picha za Wood kuna fujo ileile na ufukara uleule, lakini mara nyingi anayetazamwa anaonekana kumjua anayemtazama. Tofauti ni ndogo kwa macho, kubwa kwa moyo.

Sasa tuje Crosby. Gormley alitengeneza sanamu 100 za chuma kwa kutumia mwili wake mwenyewe kama kielelezo. Kila moja ina urefu wa sentimita 189 na uzito wa kilo 650. Zimesambazwa kando ya pwani kwa kilomita 3 hivi, nyingine karibu na barabara, nyingine ndani kabisa ya maji. Zote ziko uchi, zote zimepeana mgongo na mji, zote zinatazama upeo wa bahari. Kabla ya kuja huku zilisimama Ujerumani, Norway na Ubelgiji. Zilipofika Crosby palikuwa na mabishano: wavuvi walilalamika, wengine walihofia usalama wa watu katika matope yale yanayodidimiza miguu. Mwaka 2007 ruhusa ilitoka zibaki moja kwa moja.

Bahari ya Liverpool hujaa na kupwa kwa kiasi kinachomtisha hata mtoto wa pwani. Wakati wa bamvua tofauti ya maji huzidi mita 8, ilhali kwetu ni mita 3 mpaka 4. Kwa hiyo, mara mbili kwa siku, wale watu wa chuma huzama, wengine mpaka kiunoni, wengine mpaka utosini, kisha hufufuka tena wakichuruzika maji, wamejaa kutu na makombe madogo yaliyoganda mapajani. Ni jambo la kuonwa. Sitaki msomaji adhani kwamba naidharau kazi hii; mara ya kwanza kuiona, jua likiwa linazama nyuma ya vichwa vile vyeusi, nilinyamaza.

Lakini kunyamaza si kukubali. Watu wengi, na Gormley mwenyewe, wameihusisha kazi hii na uhamaji, kwa kuwa mamilioni ya watu waliondoka Ulaya kwa kupitia bandari hii kwenda Marekani. Mhamaji, kwa mujibu wa sanamu hizi, ni mtu aliyesimama peke yake, kimya, akitazama mahali pengine. Watu wema wa huku hupenda kunipeleka pale, kisha hunitazama usoni kwa huruma, kama kwamba nimefikishwa mbele ya kioo. Wanangoja niseme kwamba nami huitazama bahari nikiikumbuka Tanga.

Naikumbuka, ndiyo. Lakini siikumbuki kwa kusimama wima nikiwa uchi. Mtu wa pwani haendi baharini kutazama upeo. Huenda kuvua, kuchokoa pweza, kuvuta jarife, kupokea jahazi, kuoga, au kupunga upepo na wenzake huku akitafuna miwa. Kule Makunduchi, kila mwaka mwezi wa Julai, watu husherehekea Mwaka Kogwa, na jina lenyewe lina koga ndani yake: mwaka unaogeshwa, na watu huishia pwani kwa ngoma na vyakula. Bahari kwetu ni mahali pa mkutano. Kwa hiyo sanamu zinazompa mhamaji upweke kuwa ndiyo heshima yake kubwa zinamsifu kwa kumnyang'anya kitu. Zinamwambia: wewe ni mzuri ukiwa na huzuni.

Hapa ndipo ninapoona kwamba jambo hili si la sanaa tu. Anayeishi ugenini hudaiwa huzuni na pande mbili. Wenyeji wanaitaka kwa sababu inawapa nafasi ya kumhurumia. Na watu wa nyumbani, ijapokuwa hawasemi, wanaitaka kwa sababu raha yake huwauma wakiwa katika shida. Siku hizi picha hufika kwa simu papo hapo. Tuma picha ya watoto wako wanacheza ufukweni, na kabla hujakunja taulo utapokea ombi la ada ya shule au la bati za kuezekea. Wahamiaji wengi ninaowajua wamekwisha jifunza kutuma picha za theluji tu. Theluji haiombwi kitu. Matokeo yake ni kwamba nyumbani wanaamini tunaishi ndani ya jokofu mwaka mzima, na raha yetu ya kiangazi imekuwa kama kitu cha kuficha chini ya mkeka.

Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwa na tabia hiyo. Mwaka wake wa mwisho, alipokuwa hawezi kutoka kitandani, nilimpigia simu mchana mmoja wa Julai nikiwa palepale New Brighton. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona nasikia makelele?"

Nilisita kusema. Yeye anaumwa, mimi niko ufukweni. Nikamwambia tuko baharini, mama, watoto wanaoga.

"Maji ya moto?"

"Baridi mama, baridi sana."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi nao waoge hivyohivyo. Bahari ni moja." Kisha akaniambia niiache simu wazi niiweke juu ya taulo, asikilize. Alisikiliza mpaka salio likaisha.

Nimelieleza hilo si kwa ajili ya kumliza mtu, bali kwa kuwa ni uhakiki mkali kuliko wangu. Mgonjwa yule hakudai huzuni yangu. Alidai sehemu yake ya furaha, akaipata kwa masikio. Na furaha aliyoipata ilikuwa ya Parr: makelele, vilio, shakwe, watu wanaogombania chipsi. Laiti ningempigia kutoka Crosby, kati ya wale watu wa chuma, angesikia upepo peke yake.

Kwa hiyo, nikilazimishwa kuchagua, namchagua Parr, pamoja na utovu wake wa adabu. Afadhali anayenionyesha watu wakila na kugombana kuliko anayenionyesha mtu mmoja, yeye mwenyewe, mara mia. Parr hana sitara, lakini ana watu. Gormley ana heshima tele, ila ufuo wake hauna mtu.

Au tuseme haukuwa na mtu mpaka watu walipoingilia kati. Maana wenyeji wa Crosby hawakuziacha sanamu kama zilivyoletwa. Utakuta moja imevalishwa fulana ya timu ya Liverpool na nyingine ya Everton, moja ina kofia ya jua, nyingine imefungwa skafu. Watoto hutundika taulo mabegani mwao. Binti yangu mdogo, aliyezaliwa hapahapa na ambaye hana pengine pa kupakumbuka, aliniuliza mmoja wao anamngoja nani. Kabla sijajibu alikwisha mvika kofia yake, asichomwe na jua.

Wenye ujuzi wa sanaa huenda wakaona huo ni utundu unaoharibu kazi. Mimi naona kuwa ndio uhakiki bora uliowahi kuandikwa juu yake. Watu wale wale ambao kitabu cha Parr kiliwaanika, au watoto wao, walimkuta mgeni yuko uchi, peke yake, ameupa mji kisogo, wakamsitiri. Wakamfanya mmoja wao kwa kumpa timu ya kushabikia. Kile ambacho mpiga picha hakukipa, na mchonga sanamu hakukifikiria, umma umekitoa bure, kwa mzaha, siku ya jua.

Msomaji ukijaliwa kufika Liverpool wakati wa kiangazi, nenda kote kuwili. Nenda Crosby maji yakiwa yamepwa, ila usiyafuate mbali, kwa kuwa matope yale hayana urafiki. Kisha nenda New Brighton ununue chipsi, ukae ukutani hadi jua lizame. Na ukitaka kupiga picha za watu, kwanza waamkie.